Mwanangu, usiache kazi kabla kuku hawajataga

Mwanangu Neema,

Natumaini hujambo, sisi huku wazima. Hesabu zako za kuku 500 wa mayai, unaotaka kufuga ukiacha kazi, zimefika. Umezipanga vizuri mpaka baba yako amemwonyesha jirani. Ila umeanzia kwenye mayai. Toka kifaranga hadi yai la kwanza ni wiki 18 hadi 20, na muda huo wote kuku ni wa kula tu. Kila mmoja atamaliza kilo 7 au 8 kabla hajataga. Kwa kuku 500, hiyo ni mifuko 70 hadi 80 ya kilo 50. Utainunua na nini ukiwa umeshaacha kazi?

Sikukatazi kufuga. Umechoka na kompyuta, hata sauti yako inasema, na huko kwenye kompyuta ni sisi tuliokusukuma. Lakini kazi usiache kwanza.

Anza na vifaranga 100 hapa nyumbani. Kile kipimajoto chako kinachotuma ujumbe kwenye simu kilete, kitafaa. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Hata hivyo watazame vifaranga wenyewe, maana kipimajoto kinasoma pale kilipotundikwa tu. Wakirundikana chini ya taa ya joto, wana baridi. Wakiikimbia taa na midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana wote upande mmoja, kuna upepo unapenya.

Chanjo ndiyo inayoangusha wengi. Ya mdondo (kideri) siku ya 7, ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa vifaranga, siku ya 14, halafu fuata marudio atakayokuandikia afisa mifugo. Chanjo hii ni virusi hai: ukiisafirisha kwenye basi bila barafu, imekufa njiani; ukiichanganya na maji ya bomba yenye klorini, imekufa ndani ya ndoo. Tumia maji safi ya kisima, wanyime kuku maji kwa saa 1 au 2 kwanza, na waimalize ndani ya saa 2. Ukikosea hapo huoni kitu siku hiyo. Mdondo ukipita mtaani ndipo utaona.

Wakianza kutaga, kuku 500 wanataka kama kilo 60 za chakula kila siku, hata siku ambayo mwenye duka hajakulipa trei zake. Mshahara ndio utakaokuvusha hapo. Usiache kazi, Neema.

Jambo moja utatuzidi wote: kuandika. Kila jioni andika chakula, mayai na vifo. Mayai yakishuka ghafla, kagua maji kwanza kabla hujakimbilia dawa.

Lile banda la mbuzi ni mita 4 kwa 5, kuku 100 wakubwa litawatosha. Bati la jikoni linavuja tena, mtumie baba yako hela ya fundi mwisho wa mwezi. Bibi anauliza kama utakuja Pasaka. Dawa yake ya presha inakaribia kuisha, na huku haipatikani kila mara.

Na ile barua ya kuacha kazi, kama umeshaiandika, usiipeleke mpaka uje tuongee.

Mama yako