Dogo hakuanguka na baiskeli

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Ngamiani, Tanga, jiko langu linatazamana na karakana za kuchomelea, wateja wangu wengi ni mafundi pamoja na hawa vijana wa uanagenzi, wale wanaolipiwa ada na serikali kwenye mpango wa kukuza ujuzi halafu wanapelekwa karakana kujifunza kwa vitendo. Mpango wenyewe siupingi, naupenda kabisa, mtoto wa dada yangu kapitia hukohuko na leo anatengeneza mageti anajitegemea. Ninachoandikia ni hawa wanaoumia.

Kuna dogo mmoja, jina silitaji maana bado anahangaikia cheti, alikuwa anakula kwangu kila siku. Akapotea kama wiki mbili ivi. Siku aliyorudi akakaa kwenye benchi la mwisho ukutani, akaniambia kwa sauti ya chini, mama naomba kijiko. Nikashangaa, siku ile nilipika ugali na samaki, sasa ugali na samaki mtu anakula kwa kijiko? Nikampelekea maji ya kunawa ndo nikauona ule mkono wa kulia aliokuwa ameuficha chini ya meza, bandeji mpaka kwenye kifundo, vidole viwili havikunji. Mtoto kalelewa vizuri, anaona haya kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu, basi kumbe kijiko kilikuwa cha hiyo aibu.

Ilikuwa ni grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma. Diski ilipasuka ikiwa inazunguka. Kuna fundi mtu mzima anakuja kula hapa, alipomsikia dogo anasimulia alienda zake akarudi na diski mbili akaziweka mezani katikati ya sahani, akanisomesha. Kumbe kila diski imeandikwa mwisho wake wa kuzunguka kwa dakika, ile ndogo ya inchi nne na nusu inavumilia mizunguko kama 13,000, ile kubwa ya inchi saba ni kama 8,500 tu, na grenda ndogo yenyewe inakwenda kama 11,000. Sasa watu wanang'oa gadi, kile kifuniko cha kukinga vipande, ili diski kubwa ienee kwenye mashine ndogo, chuma kinakatika haraka, lakini diski pale inazungushwa kuliko nguvu yake na ikipasuka hakuna kitu cha kukinga vipande. Dogo ameikuta grenda haina gadi, ana wiki ya pili tu, anajua nini? Yeye kaambiwa shika kata.

Na miwani ni hivyohivyo, wanagombania moja watu watatu, wengine wanachomelea na miwani ya jua ya kununua mnadani, usiku macho yanawaka kama yametiwa mchanga, asubuhi wanakuja kuniomba kiazi mviringo wakate vipande waweke juu ya macho. Nawapa. Lakini jamani kiazi ni dawa ya macho?

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Walimfunga ule mkono na fulana wakampakia bodaboda, na kabla hajaondoka akaambiwa ukiulizwa hospitali sema umeanguka na baiskeli. Na kwa hii Tanga yetu yenye baiskeli kila kona nani atabisha? Ikaandikwa baiskeli. Kwaiyo kwenye makaratasi yule mtoto hajaumia kazini, na mwenye karakana hana kosa, na chuo hakina habari, na wakubwa huko juu wakihesabu ajali za kazini hawa watoto hawamo. Dogo mwenyewe alikubali kusema ivyo kwa sababu aliogopa kurudishwa nyumbani bila cheti. Siku ya kwanza fundi wa karakana alilipia kushonwa, ya pili akasema huyu ni wa serikali, chuo nako wakasema huyu yuko kwa fundi. Mama yake anauza mihogo kule Pongwe, akauza kuku ndo wakapata hela ya kubadilisha bandeji.

Mume wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la katani, kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani ya katani, na korona wanaoijua wanajua haichezewi, ikikamata mkono imekamata. Yeye ndo ameniambia ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndo wasimamizi wake, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaofanya kazi tangu 2015 ambao mwajiri ndo anachangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mimi hapo ndo nilipoanza kujiuliza maswali. Mchango ule unahesabiwa kwenye mishahara, na huyu mtoto hana mshahara, ana posho ya nauli na ya kula kwangu. Hata kama sheria inamtambua, kwenye karatasi ya mishahara hayumo. Mwajiri wake nani? Fundi, chuo au wizara? Mi naomba jibu hilo liandikwe kwenye ile barua anayokuja nayo kijana siku ya kwanza, akiumia anapelekwa wapi na nani analipa, na mzazi apewe nakala. Na karakana ikaguliwe kabla ya kupelekewa watoto, siyo mwalimu kuja mara moja kusaini logibuku, lile daftari la mafunzo ya kijana, akiwa amesimama mlangoni, nimemuona kwa macho yangu, hata grenda hakuziangalia. Glavu, buti na miwani zitoke kwenye hela ya mpango wenyewe, ada inalipwa ya mamilioni huko, miwani ishindikane?

Deni la dogo nimelifuta. Juzi Jumatatu wameletwa wengine wanne pale pale na grenda ni ile ile, mmoja kavaa kandambili. Anayehusika aje awaone wiki hii, wapo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, akifika aniulize mimi nitamuonyesha karakana.

Mama lishe,
Ngamiani, Tanga