Vichekesho vya Kale Visifunikwe kwa Kelele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizisemee filamu za vichekesho zilizotengenezwa miaka michache baada ya sinema kuanza kusema, mwishoni mwa 1927. Nimezishuhudia zikirushwa hewani zikiwa zimepachikwa muziki usiokoma na vicheko vya kurekodiwa, kana kwamba ukimya uliomo ni kasoro inayostahili kuzibwa, ilhali utamu wake mwingi umo humo humo.

Maikrofoni za siku hizo zilinasa kila kitu. Kamera zilifungiwa ndani ya vibanda ili mngurumo wake usisikike, na ilipopigwa filamu ya vichekesho ya The Cocoanuts mwaka 1929, karatasi zililoweshwa maji ili mchakarisho wake usimeze maneno ya waigizaji. Waliofanya kazi katika hali hiyo walijifunza kuichagua sauti moja na kuiacha isikike peke yake.

Watazame Laurel na Hardy, wachekeshaji wawili walioigiza pamoja, katika The Music Box ya mwaka 1932, filamu fupi iliyotunukiwa Oscar. Wanapandisha piano iliyofungwa ndani ya sanduku kwenye ngazi ndefu ajabu, na kila sanduku linapogonga kidato, nyuzi zilizomo hulia kidogo, mithili ya mgonjwa anayegugumia kwa maumivu. Linapowaponyoka na kuporomoka, ni mlio huo unaotueleza ukubwa wa hasara kabla hawajafumbua vinywa. Wakishafika juu, tarishi anawaambia kwamba wangeweza kupita barabarani kwa gari, nao, kwa utii unaotia huruma, wanaliteremsha lote tena! Ukipachika tarumbeta juu ya nyuzi zile, umekiua kichekesho.

Hata ndugu wa Marx, kundi la wachekeshaji waliosifika kwa maneno mengi, walimwacha mwenzao Harpo aigize kama bubu, na onyesho la kioo katika filamu yao Duck Soup ya 1933, ambamo mmoja anajifanya kuwa taswira ya mwenzake kiooni, linakwenda kimya kabisa. (Laurel na Hardy, kwa upande wao, walirudia baadhi ya filamu zao kwa Kihispania na Kifaransa, wakisoma maneno ya lugha wasizozijua, jambo linaloonyesha jinsi walivyoyathamini masikio ya watazamaji.)

Naviomba vituo vinavyozionyesha filamu hizi vituletee sauti zake za awali, pamoja na mikwaruzo yake yote.

Wako,
Mpenzi wa sinema za zamani