Shoga, nijibu kabla ya Ijumaa

Mbagala, Jumapili usiku

Mama Nasra shoga angu,

Salaam aleikum. Hujambo, Nasra hajambo, baba Nasra hajambo, bibi na ule mguu wake je? Sie huku wazima, joto tu, umeme unakuja unakonyeza unaondoka. Najua tangu Julai sijakutafuta na najua unanisema huko, sema tu ni haki yako. Siku ile uliyonipigia, ya msiba wa mjomba wake Kipara, nilikuwa kwenye daladala nimebanwa mkono haufiki kwenye pochi, afu nikasahau, afu nikaona aibu, aibu nayo ikazaa aibu nyingine ndo miezi yote hiyo. Tuyaache.

Nakuandikia mana kuna kitu kimenikaa kooni na hapa stafu sina wa kumwambia. Bi Mkubwa, mkuu wetu wa shule, nikimwambia ataligeuza ajenda ya kikao, na yule jirani yangu wa 2A unamjua mwenyewe.

Si unajua kipindi hiki kilivyo. Upimaji wa darasa la pili umeisha, karatasi zimeondoka, lakini watoto wanakuja kila siku mpaka tufunge, na mkuu kaniambia "mwalimu waweke bize, sitaki kuwaona wanazurura kwenye miembe." Watoto 94 shoga! Nikasema potelea mbali, siku zote hizi nitafundisha KKK kwa sikukuu, tusome sikukuu, tuandike sikukuu, tuhesabu sikukuu, mana vichwani mwao hakuna kingine kwa sasa, ukimuuliza mtoto saba jumlisha tano anakujibu mwalimu sisi tunaenda Lindi.

Na yalianza vizuri ujue. Siku ya kwanza nikachora nyoka na ngazi kwa chaki pale barazani, vyumba 30, watoto wenyewe ndo kete wanaruka, dadu nimekata boksi nikalibandika karatasi. Penye ngazi nimeandika "Umemsaidia bibi kupepeta mchele", penye nyoka "Umemwaga sufuria la pilau". Kupanda au kushuka lazima usome sentensi mwenyewe kwa sauti, ukiisoma ya nyoka sawasawa bila kukwama unasamehewa hushuki. Wale wa nyuma niliowabembeleza mwaka mzima na silabi walisoma "sufuria" kwa hasira mana hawataki kushuka! Hapo nikajiona mimi ndo mimi.

Kesho yake nikaiba ile yako ya mwezi. Usininunie, uliiacha wazi. Vizibo vya soda, kila usiku wa mfungo kizibo kimoja kwenye kopo, vikitimia kumi vinafungwa kwenye mfuko, yaani makumi na mamoja bila hata kutaja makumi na mamoja, tukifika 29 nasimama nauliza umeandama au haujaandama? Nusu wakapiga kelele umeandama, nusu bado, wengine wakaanza kufuturu visivyokuwepo, ikawa kama sie watu wazima kila mwaka hahaha. Afu mmoja akauliza mbona Krismasi imekaa palepale na Idi inatembea. Nikamwambia mwaka wa mwezi ni mfupi, unapungua kama siku 11 hivi, ndo mana Idi inarudi nyuma kila mwaka. Akafikiri akasema kwa hiyo kuna siku zitakutana. Darasa la pili huyo! Nikamwambia zishakaribiana sana mwaka 2000, na mkae mkijua 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Wakashangilia kama nimewaahidi mimi.

Ile 2000 nilikusimulia? Krismasi Jumatatu, Idi siku mbili tatu mbele, mama yangu na baba yangu kila mtu na dini yake na hela ni moja, nikashonewa gauni moja la njano la mikono ya puto. Krismasi nimevaa kwa kina mama, likafuliwa usiku likapigwa pasi ya mkaa, Idi nikavaa kwa kina baba Temeke. Binamu yangu (yule wa sasa anajifanya haji) akasema mbele za watu mbona hilo lina doa la pilau la juzi. Mpaka leo njano sivai.

Basi ndo nishangae mtu mwenye gauni hilo kichwani anafanya nilichofanya.

Alhamisi ya wiki hiyo nikafungua duka la sikukuu. Maboksi matupu ya sabuni, mifuko ya mchele iliyojazwa mchanga, makopo, na noti nimechora kwenye karatasi, ya elfu mbili simba, ya elfu tano faru, ya elfu kumi tembo. Kila kikundi tembo mmoja, nunueni vya sikukuu vya nyumba nzima chenji irudi sahihi. Shoga kelele! Kuna kikundi walinunua soda tupu wakaambiwa na wenzao mtakula nini, wakarudisha wakaanza kubageni na muuzaji, na muuzaji kajifunza wapi sijui anasema "bei ya jumla ni hiyohiyo mama." Kutoa na kujumlisha niliyofundisha mwaka mzima nikaiona inatembea.

Ningeishia hapo. Lakini mimi na kiherehere changu, Ijumaa nikasema sasa tuandike. Kila mtu achore na aandike sentensi mbili, "Sikukuu nitavaa nini", afu aje mbele asome. Wakaja, gauni la pinki, suti, viatu vya taa, wengine waongo dhahiri lakini haya. Akaja mmoja nitamwita Kadogo, mkimya, anakaa karibu na dirisha. Akasoma: "Sikukuu nitavaa sare yangu. Mama ataifua."

Darasa likacheka. Hilo ningelimudu, watoto ndo watoto. Lakini ujue mimi nilifanyaje? Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, nimechoka, nina madaftari mpaka hapa, nikachukua daftari nikapiga mstari juu ya "sare" nikasema "sare ni ya shule mama, andika nguo ya sikukuu." Herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni, sentensi imenyooka kuliko za wote, mimi nikaipiga mstari mwekundu.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Nikajidanganya malaria. Jumatano nikatoka na yule kaka yake wa darasa la tano mpaka kwao, nyuma kule Rangi Tatu, mama yake anakaanga mihogo. Nikajieleza wee, nikazunguka, nikasema nilikuwa nafundisha uandishi. Yule mama hakukasirika ningefurahi angekasirika. Akaniuliza tu, "Kwani mwalimu sare si nguo?" Afu akanifungia mihogo na chachandu akakataa hela. Nimekula ile mihogo kwenye daladala nalia, kondakta ananiuliza dada pilipili?

Alhamisi Kadogo akarudi. Sasa wiki hiyo nilikuwa nimeshabadilisha, maswali ya una nini nyumbani nimefuta yote, nikaanzisha basi la sikukuu. Kamba ndo basi, vituo nimechora uwanjani, konda mmoja, abiria kumi wanaanzia, kituo hiki wanashuka wawili wanapanda watano, walio nje wanaandika chini kwa kijiti kumi toa mbili jumlisha tano. Mwanzo nikaweka njia ya Moshi mana ndo ninayoijua, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga. Mtoto mmoja tu ndo kachangamka na yeye kafika Korogwe kagoma kushuka, "mwalimu sisi kwetu Moshi siwezi kushuka hapa", hesabu ya darasa zima ikaharibika. Wengine wananiangalia tu. Afu mmoja akasema mwalimu hilo basi la kwetu liko wapi? Nikacheka mwenyewe, niko Mbagala nawapeleka watoto wa kusini kwenda kuhesabiwa Uchagani! Nikafuta, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Nangurukuru, Lindi, Masasi, hapo sasa lilijaa basi mpaka kamba ikakatika.

Na konda akawa Kadogo. Sikumchagua mimi, alikuja akashika kamba. Hakosei chenji yule mtoto, noti ya faru nauli ya elfu mbili mia tano anarudisha kabla abiria hajanyoosha mkono, nadhani ni ile mihogo. Lakini ukimwambia awe abiria hataki. Na daftari la kuandika hajalileta tena, anasema limepotea. Najua halijapotea.

Sasa ndo ninachotaka kukwambia chenyewe, mana yote hayo ni maji yashamwagika. Juzi paredini Bi Mkubwa katangaza Ijumaa hii sherehe ya kufunga, darasa la kwanza na la pili waje na nguo za nyumbani "kila mtoto apendeze", na mia tano ya soda "kwa hiari". Kwa hiari! Tangu elimu bila malipo ya 2016 sie tunaongea kwa hiari kama watu wa benki, mzazi akisikia mchango anakuja na simu anarekodi. Watoto wameruka mita moja juu. Mimi macho yakaenda kwa Kadogo, alikuwa anafunga kamba ya kiatu, kiatu chenyewe hakina kamba.

Nimeenda kwa mkuu nikamwambia naomba 2B waje na sare. Kanijibu mwalimu unataka kuwanyima watoto furaha yao kwa sababu ya mtoto mmoja? Si mmoja. Nimehesabu wale walioandika gauni nikawauliza vizuri mmoja mmoja, kuna kama kumi na tano hawana kitu. Lakini na yeye ana pointi, mana nikisema 2B sare na 2A pale jirani wanapita na masuti yao, wangu watalia wote 94 na lawama kwangu. Na nikinunua gauni la Kadogo mwenyewe, kwanza mshahara ushaisha, pili mama yake yule hatapokea, tatu hao kumi na wanne je.

Wazo langu ni hili, usinicheke. Nataka kila mtoto wa 2B awe na kitu alichotengeneza darasani ambacho ndo nguo ya siku hiyo, hata kama chini kavaa sare au suti hakionekani. Nimefikiria kofia za manila lakini manila 94 nitazitoa wapi. Afu nikakumbuka shemeji yako fundi, yale mabaki ya vitambaa anayojaza kwenye viroba huko kwenu Unguja, pale Darajani, mpaka yanamkera. Nikipata viroba viwili wanakata vipande, wanafunga kwenye uzi kwa ruwaza, nyekundu kijani kijani, nyekundu kijani kijani, kila mtu ruwaza yake na lazima aniambie kinachofuata ni rangi gani kabla sijamfungia fundo, hesabu hiyo, inakuwa kama shada la shingoni mpaka kifuani. Kadogo ana mikono mizuri. Na gharama sindano tu, na uzi nnao.

Ila sijui kama ni kuwafichia tu au nini. Kichwani naona kama nafunika ile daftari kwa vitambaa. Mama yake kaniuliza sare si nguo, na mimi jibu langu ni kuifunika sare? Au nimwache aje na sare yake iliyofuliwa akae na wenzake basi. Nachanganyikiwa, ngoja.

Huko kwenu nyie mnafanyaje, mana Idi yenu ndo ya watoto haswa, siku nne nzima mpaka Mnazi Mmoja panageuka bahari ya magauni. Wale wasio na gauni jipya wanakwenda vilevile? Na mkono wa Idi wanapewa sawa au watu wanaangalia nguo? Darasani kwako unaongeleaje, au unaruka kabisa? Wewe ungemrudishia vipi Kadogo ile sentensi, ungeenda kumwomba radhi mbele ya darasa au pembeni, mana mbele ya darasa naogopa nitawakumbusha walioshasahau? Au nimwandikie mimi kwenye daftari jipya? Nimeshalinunua liko kwenye pochi siku ya nne leo. Na shemeji viroba anaweza kutoa lini, boti ya Jumatano asubuhi itawahi? Nitakuja kupokea bandarini mwenyewe usimpe mtu, hasa usimpe Kipara. Nasra mnaye likizo au anakwenda kwa bibi yake? Na ule mguu ni sukari au ni kuteguka, mana hukusema?

Bando linakata. Nijibu hata kwa sauti, ila isizidi dakika kumi nakujua.

Wako wa siku zote,
Mama Juu ya Kiti (nani aliniita hivo chuoni, wewe au yule mwenzetu wa Pangani?)

Ile elfu ishirini yako sijasahau, nakuletea bandarini.