Barua kwa mwanangu: Njoo hivyo hivyo

Tukuyu, Jumapili ya tatu ya Majilio
14 Desemba 2025

Mwanangu,

Simu yako haipatikani tangu Jumanne, ndiyo maana naandika. Barua nimempa dereva wa lori la ndizi anayeshusha mzigo hapo karibu na unapokaa. Akikufikia, usimtume mtu aseme umesafiri.

Ujumbe wako niliusomea shambani, mikono imejaa mbolea: "Mama, Krismasi siji, sina cha kuja nacho." Mwaka jana ulisema una zamu. Nami nauliza moja tu: siku hiyo utakuwa wapi? Utakula na nani?

Kwamba kazi imeisha najua, sikulaumu. Tajiri aliyewazungusha mshahara Mungu anamwona. Wewe ndiye uliyemlipia mdogo wako mpaka akamaliza kidato cha nne, na hilo nalitangaza mpaka wenzangu wa kwaya wamenichoka. Lakini kuzima simu hukujifunza kwangu.

Leo mchungaji alisoma Luka sura ya pili. Hatukukaa sana horini, hori tunalijua, kila mwaka watoto wanalitandika majani ya migomba. Akasogea mbele, pale mtoto anapopelekwa hekaluni. Anasema Sheria ya Musa ilidai mwanakondoo, ila asiyemudu aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Yusufu na Mariamu walileta hao ndege. Miaka yote hiyo nimewasikia wale njiwa nikadhani ni pambo la hadithi, kumbe ni sadaka ya mtu asiye na kitu! Na hawakungoja wapate kondoo ndipo wampeleke mtoto. Hawakujificha Bethlehemu wakisema mwakani.

Niliporudi nilikaa mlangoni nikiwatazama njiwa wa mdogo wako juu ya zizi. Wamefika kumi na mmoja, wanachafua mabati mpaka maji ya mvua tunakinga ya kufulia tu. Machozi yakanitoka. Kuni nazo zilikuwa mbichi.

Mwaka juzi uliposhuka na mabegi yale, nilipokea begi kabla sijakupa pole ya safari. Nikauliza mchele ni kilo ngapi. Majirani walikuwa wamekaa pale nje, unajua walivyo. Hukusema neno, na mimi sikuuliza kwa nini uliondoka mapema. Tuyaache hayo.

Ninachosema, Krismasi si pilau. Wamisionari walipofika hapa Rungwe mwaka 1891 waliwakuta babu zetu na ndizi na ng'ombe, na Yesu alipokelewa kwa hizo hizo ndizi. Pilau tumeiokota juzi, sasa asiyekuwa nayo anaona hata kanisani hana nafasi. Nawe umekuwa hivyo? Utakuwa wapi siku hiyo, baba?

Kama ni nauli, imo ndani ya bahasha. Ni ya ndizi, hela ya mbolea sijaigusa. Ya kupandia tumeshaweka, ya kukuzia tutajua mbele ya safari. Kata tiketi mapema maana wiki hiyo mabasi yanajaa, ushuke Uyole, usiingie Mbeya mjini bure. Usisafiri na wale wa kuokota abiria njiani usiku. Ukifika Uyole piga hata kwa simu ya mtu.

Ukishindwa kabisa, basi siku yenyewe ingia kanisa lolote lililo karibu, na shati lile lile la kazi, ukae hata benchi la nyuma. Halafu unipigie uniambie walisoma nini. Nitajua kama unanidanganya.

Ng'ombe amezaa, dume tena. Bibi yako miguu inamsumbua ila mdomo ni mzima. Bati linavuja juu ya kitanda chako, nimekisogeza ukutani, kwa hiyo usiku usijigonge. Njoo na koti. Sufuria kubwa iko kwa shangazi yako tangu ule msiba wa Agosti. Ukifika uifuate wewe mwenyewe, maana mimi kila nikienda ananiuliza unakuja lini.

Mama yako