Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kivuli, Rafu na Muhuri Rudufu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha wakusanya sarafu atazisoma mweka hazina, naye si mtu wa kumsemea. Mikutano yetu yote ilifanyika isipokuwa mmoja tulioahirisha kwa sababu ya msiba. Kabati la chama lilipata lenzi mbili mpya za kukuza mara 10, na moja tayari haionekani. Aliye nayo anajijua. Naomba sasa niingie kwenye jambo lililotula muda kuliko yote mwaka huu: sarafu zenye kivuli, yaani zile ambazo herufi na tarakimu zake zinaonekana kama zimejirudia.

Meza ya uhakiki haikupumzika. Mwanachama anafika na senti ya Lincoln, ile sarafu ya senti moja ya Marekani, imefungwa kwenye kitambaa, uso umechangamka, anasema amepata muhuri rudufu, yaani sarafu iliyogongwa kwa muhuri wenye picha mbili. Tunaiweka chini ya lenzi, na mara nyingi sana jibu huwa lile lile: rafu.

Wanachama wapya wamekuwa wakiuliza jina hilo limetoka wapi. Ukitazama herufi ya sarafu ya namna hiyo, pembeni yake unaona kijingazi bapa, kimelala chini karibu na uso wa sarafu, kinang'aa kama rafu ya kabati iliyofutwa vumbi. Aliyelitunga ni mpenzi wa mpira, kwa hiyo na ile maana nyingine ya rafu alikuwa nayo kichwani. Naona inafaa, maana kilichotokea hapo ni mchezo mbaya wa mashine. Muhuri, kile chuma kinachogonga picha kwenye sarafu, umelegea kwenye kishikizo chake. Unagonga sarafu sawasawa, kisha unateleza au kuruka kidogo kabla ya kuachana nayo, na ukingo wa herufi iliyokwisha kuumbwa unasukumwa chini. Ndiyo maana herufi yenye rafu huwa nyembamba kuliko ilivyostahili. Hakuna kilichoongezwa pale, ila herufi imeliwa upande mmoja.

Muhuri rudufu ni habari nyingine kabisa, na huanza kabla sarafu haijagongwa. Zamani muhuri wa kugongea sarafu ulipata picha yake kwa kukandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja. Chuma kikikandamizwa huwa kigumu, kwa hiyo kilirudishwa tanuruni kilainike, kisha kikakandamizwa tena. Siku ambayo mara ya pili haikuangukia juu ya ile ya kwanza, muhuri ulibaki na picha mbili, na kila sarafu uliyoigonga ikatoka nazo mahali pale pale. Senti ya 1955 iliyotoka kiwanda cha Philadelphia ndiyo mfano wa kila mtu: tarakimu za mwaka na maandishi vimejirudia wazi kiasi kwamba lenzi ni anasa. Inakadiriwa kwamba zilizoingia mitaani ni kati ya 20,000 na 24,000. Kwenye sarafu ya aina hii herufi hunenepa. Picha zote mbili zina mgongo wa mviringo, na kwenye pembe za herufi, pale miguu miwili inapoachana, utaona kipengee kama mkia wa mbayuwayu. Mkia huo ndio ninaoutafuta kwanza, kabla ya kusikiliza hadithi ya mwenye sarafu.

Naungama mbele yenu kwamba mimi mwenyewe niliteleza. Nilinunua senti ya 1969 yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco, nikiamini ni ule muhuri rudufu maarufu wa mwaka huo. Tarakimu zilikuwa na kivuli, neno LIBERTY lilikuwa na kivuli, nikalala vizuri. Mjumbe mmoja wa kamati aliitazama kwa dakika moja tu, akaniuliza: "Mwenyekiti, na hiyo S?" S nayo ilikuwa na kivuli, upande ule ule, kwa upana ule ule. Kesi ikaisha hapo. Miaka ile herufi ya kiwanda haikutoka kwenye muhuri mama. Fundi aliipiga kwa mkono baadaye, muhuri ukiwa umeshapata picha yake. Muhuri rudufu wa kweli wa 1969 una S moja, safi, katikati ya maandishi yaliyojirudia. S yangu iliyumba pamoja na wenzake kwa sababu sarafu nzima iliyumbishwa na mashine. Ninayo bado. Nimeiandikia "rafu" kwa wino mwekundu, na niko radhi kuonyesha mtu yeyote.

Kipimo hicho kina mpaka. Kwa senti za kuanzia 1990 hakitusaidii, kwa kuwa herufi ya kiwanda ilihamia kwenye muhuri wa asili, ule unaozaa muhuri mama, na sasa hujirudia pamoja na picha nyingine. Vilevile, mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani iliingia kwenye mtindo wa kukandamiza muhuri mara moja tu. Wengine walitangaza kwamba muhuri rudufu umekufa. Haukufa, umehamia katikati ya sarafu, ukawa mdogo. Kwenye senti ya 2009 inayomwonyesha Lincoln kijana ameketi kwenye gogo akisoma, ipo mihuri iliyompa kidole cha ziada.

Msichanganye pia na muhuri uliochoka, ambao hutoa kivuli cha ukungu kisicho na ukingo, wala na senti za zinki za tangu 1982, ambazo ngozi yake nyembamba ya shaba hupasuka kando ya herufi na kuacha mstari wa kijivu.

Tulipata shauri moja mwaka huu. Mwanachama alimbadilishia mwenzake sarafu yenye rafu huku bahasha ikisema muhuri rudufu. Kamati iliwasikiliza wote wawili, ikaona hakukuwa na nia mbaya, ikaamua kila mmoja arudishiwe chake. Lakini aliyepokea alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na chama hakiwezi kukaa kimya. Kupenda rafu si kosa, wapo wanaozikusanya. Kosa ni kuandika jina ambalo sarafu haina.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao hakuna sarafu itakayobadilishwa kwenye mikutano yetu kwa jina la muhuri rudufu mpaka wahakiki wawili waitazame chini ya taa moja, wakiigeuza polepole, na waandike kwenye bahasha walichokiona: mgongo wa mviringo au bapa, herufi nene au nyembamba, na hali ya herufi ya kiwanda kama ipo. Wahakiki wasipokubaliana, bahasha iandikwe "haijaamuliwa", na mwenye sarafu avumilie.

Naomba kutoa hoja.