Harambee ya Damu na Vijiwe vya Bodaboda: Tumwahi Aliyevunjika Uti wa Mgongo

Wapendwa washarika, ndugu na majirani wa imani zote, kuanzia Moshi mjini hadi Boma Ng'ombe na Usa River, salamu katika Bwana.

Mara nyingi tunamchangia aliyevunjika uti wa mgongo akiwa tayari amerudi nyumbani: kiti cha magurudumu, godoro, nauli za kliniki. Michango hiyo iendelee. Safari hii kamati ya afya ya usharika, yaani wauguzi, madaktari na wataalamu wa maabara, inaomba fedha na damu kwa ajili ya saa ya kwanza na wiki ya kwanza. Huko ndiko sehemu kubwa ya kupona inakoamuliwa.

Mtu akianguka mtini akikata majani ya ng'ombe, au akigongwa akiwa kwenye bodaboda, pingili, yaani kifupa cha uti wa mgongo, huvunjika na kuuponda ugwe wa fahamu, ile kamba ya neva inayopita ndani yake. Hilo ni jeraha la kwanza, na hakuna dawa ya kulifuta. La pili huja taratibu, kwa saa na siku. Ugwe huvimba ndani ya mfereji wa mfupa usiotanuka, mishipa midogo ya damu hubanwa, na sehemu zilizonusurika huanza kukosa oksijeni. Hapo damu haipiti bila kusukumwa na presha ya kutosha. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari wamelenga kushikilia wastani wa presha ya damu (si ile namba ya juu ya kipimo) kwenye milimita 85 hadi 90 za zebaki kwa siku 5 hadi 7 za mwanzo. Aliyepoteza damu nyingi hafiki huko. Dripu ya maji huinua presha kwa muda tu: haibebi oksijeni, na ikizidi huizimua damu iliyobaki na kuupoza mwili, damu ikashindwa kuganda.

Kinachopiganiwa kinaweza kuonekana kidogo. Aliyeumia shingo akabakiwa na neva za shingo hadi ya 5, kuhesabu kutoka juu, hukunja kiwiko. Akibakiwa na ya 6, huinua kiganja. Akibakiwa na ya 7, hunyoosha kiwiko, na huyo anaweza kujinyanyua mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Tofauti ya ngazi moja ni tofauti ya kuhitaji au kutohitaji mtu wa kukubeba kila asubuhi. Kwetu sisi hilo linatosha kabisa kuitisha harambee.

Hatari kubwa ni damu inayovuja isionekane. Nyonga iliyovunjika inaweza kumeza lita 2 au zaidi, paja lita 1 hadi 1.5, na mtu mzima ana takriban lita 5 tu. Kwa kawaida anayevuja damu hupata baridi na mapigo ya moyo hukimbia. Lakini ugwe ukiumia shingoni au juu ya kifua, mishipa ya damu hulegea, moyo hupiga polepole, ngozi hubaki na joto. Tena hasikii maumivu, hivyo hasemi kuwa tumbo linauma. Msaidizi hudhani yuko salama, kumbe anaisha.

Kwa hiyo tunataka vijiwe 16 vya bodaboda kando ya barabara ya Moshi hadi Arusha viwe na sanduku la huduma na vijana waliofundishwa. Damu inayomwagika huzuiwa kwanza: kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Nyonga hufungwa kwa kitenge kilichokunjwa, kikazwe usawa wa vichwa vya mapaja, yaani pale mfupa wa paja unapojitokeza pembeni ya nyonga. Wengi hufunga kiunoni, na huko hakisaidii kitu. Kisha watu wanne: mmoja ashike kichwa na ndiye pekee atoe amri, wawili wamgeuze kwa pamoja kama gogo, wa nne asukume ubao chini yake. Afunikwe blanketi, maana baridi huzuia damu kuganda. Asikunjwe kwenye bajaji. Na akifika hospitali aondolewe kwenye ubao mapema, kwa kuwa asiyehisi, mwenye presha ya chini, huanza kupata vidonda vya kulalia ndani ya saa chache.

Kila sanduku litagharimu shilingi 250,000. Ubao wa plaiwudi wa milimita 18, sentimita 180 kwa 45, wenye matundu ya mikono na mikanda minne, ni 90,000 kwa seremala. Blanketi mbili ni 50,000. Bandeji, shashi, glovu, mikasi na sanduku lenyewe ni 110,000. Masanduku 16 ni 4,000,000. Mafunzo na siku ya kuchangia damu ni 1,000,000. Jumla 5,000,000. Anayeweza kulipia sanduku zima alipie, anayeweza mkanda mmoja tunaupokea kwa furaha ileile. Toeni kwa mweka hazina wa usharika na mdai stakabadhi. Matumizi yatasomwa ibadani.

Damu nayo hainunuliwi, hutolewa bure, na chupa moja ya mililita 450 haikai zaidi ya siku 35. Tukitoa wote siku moja kisha tukanyamaza, ndani ya miezi miwili friji ni tupu. Tumepanga zamu: kila jumuiya ina mwezi wake. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, asiwe mjamzito wala ananyonyesha. Mwanamume hurudia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Wa kundi O hasi, damu adimu inayoweza kupewa mtu wa kundi lolote, tunawaomba mjiandikishe pembeni, ili tuwaite pale tu damu yenu inapohitajika.

Siku ya zamu yako kula kwanza, kunywa maji ya kutosha, na njoo na mwenzako mmoja ambaye hajawahi kuchangia.