Maji yalale kwanza

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Mimi na wanangu pacha tu wazima, hofu ni kwako na wanao. Ujumbe wako umenichekesha peke yangu jikoni: mtu yuko Mwanza, ana ziwa zima mlangoni, anataka kufuga samaki kwenye pipa! Ila nakuelewa. Mimi mwenyewe siku hizi chai ya asubuhi hainishuki mpaka nikae pale nje niwaangalie.

Anza na pipa. Nilitaka lile la bluu la lita 200, na kabla ya kutoa hela nikamuuliza muuzaji lilibeba nini. Akaapa, mafuta ya kula. Nikaingiza pua: sabuni tupu! Nikamwachia lake. La pili kweli lilikuwa la mafuta, nikalisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka kidole kikaacha kuteleza. Fundi akalipasua kwa urefu, maana samaki hewa yao huingilia kwenye uso wa maji, na pipa likilazwa uso unakuwa mpana. Nusu nyingine kaichukua jirani, analowekea nguo. Langu nimeliwekea tofali kila upande lisibingirike. Linapata jua la asubuhi, kivuli kinaanza adhuhuri. Usiliweke chini ya mwembe, majani yatakuozea ndani.

Sasa nikwambie kosa langu, maana najua haraka zako. Nilijaza maji ya bomba asubuhi, jioni nikamimina vifaranga 20 vya perege. Alfajiri nikawakuta 17 wameelea matumbo juu, na watatu wanatweta, midomo imetokeza nje ya maji. Nililia, usicheke. Mzee aliyeniuzia hakunipa hata pole. Aliuliza tu, "Maji yalilala siku ngapi?" Kumbe klorini, ile dawa ya maji ya bomba inayotukinga sisi na kuhara, samaki inamuunguza matamvua. Yaache maji wazi siku mbili tatu, juani, ndipo ufikirie samaki.

Na hata yakilala, usijaze samaki kwa mkupuo. Wanakojoa humo humo, chakula kinabaki, na vyote vinageuka amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Wapo bakteria wanaoipunguza makali, wanaota kwenye kokoto na kuta za pipa, lakini huchukua kama mwezi au mwezi na nusu kuwa wengi wa kutosha. Kwa hiyo tia samaki watano, usubiri. Mara ya pili mimi nilisubiri vizuri kabisa, kisha pacha wakawa wanawatupia ugali kila wakipita. Wiki moja tu, pipa likanuka kama mtaro. Siku hizi nawapa chakula kidogo, wanakimaliza ndani ya dakika mbili, na kila Jumamosi natoa robo ya maji na kurudishia yaliyolala. Yale machafu nayamwagia mchicha. Njoo uuone mchicha wenyewe!

Perege nimeachana nao. Lita 90 si nyumba ya samaki wa kukaanga. Nina gapi, vile visamaki vya mapambo vyenye mikia kama kanga. Wanazaa watoto hai, si mayai, na viluwiluwi vya mbu ndiyo pilau yao. Pipa la maji lisilo na samaki ni kualika mbu. Wakizidi, gawia majirani, ziwani usiwamwage. Wewe mtu wa Mwanza sina haja ya kukusimulia sangara, samaki wa kuletwa, alivyowamaliza furu, visamaki vya asili vya ziwa. Na magugumaji usiyaokote, hata maua yakikupendeza vipi. Tafuta yungiyungi, upande kwenye chungu chenye udongo, juu uweke kokoto udongo usitibuke.

Mvua za huko zinamwaga, kwa hiyo toboa tundu chini kidogo ya ukingo, ulizibe kwa kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, la sivyo samaki watatoka na mafuriko.

Halafu waya. Mimi nimefunika kwa ule wa banda la kuku, kwanza kwa ajili ya kunguru wa hapa, wezi wasio na haya, na paka wa jirani. Lakini kwako sababu ni nyingine. Mwanao mdogo ndiyo kwanza anasimama dede, na mtoto wa umri ule anazama kwenye maji ya shubiri moja. Usitie hata kopo la maji kabla waya haujakazwa.

Ukija Idi nitakupa kokoto za pipa langu, uzisafirishe zikiwa na unyevu, usizikaushe wala kuzisuuza kwa maji ya bomba, maana bakteria wameshaota humo. Gapi wenyewe tutawatia kwenye mfuko, maji kidogo na hewa nyingi. Basi wewe tafuta pipa, na ukisikia harufu ya sabuni, ondoka.

Wako,
Mama Pacha